Malezi Hayamalizwi kwa Mwezi Mmoja

Wazee walisema kuwa chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Watu wengi huitaja methali hii ili kusifu mali nzuri, wakasahau kuwa nusu yake ya pili ni onyo. Kibaya hakiketi kitako kikingoja kuulizwa bei. Hutoka mapema, hutandika meza yake kando ya njia, na huchagua njia ile ile wapitayo watoto watokapo shule. Insha hii yataka kuthibitisha neno moja tu: kwamba katika miji ya nchi ya chai, Kericho na Bomet, kibaya kimeachiwa jioni nzima ya mvulana bila ya mshindani. Waliokiachia si serikali peke yake, wala si walimu, wala si akina mama. Ni wanaume wazima, ambao hujituliza nafsi zao kwa kusema kuwa mwezi mmoja wa jando watosha kumfanya mtoto kuwa mtu.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Mgeni afikaye Kericho hupendezwa na vilima vilivyofunikwa na majani ya chai, yaliyokatwa sawasawa kama zulia. Mashamba makubwa ya kampuni yalianza kupandwa katika miaka ya 1920. Mashamba ya wakulima wadogo yalienea baada ya mwaka 1964, ilipoundwa mamlaka ya kusimamia chai yao, ambayo leo ni kampuni ya KTDA. Mgeni hupiga picha akaenda zake. Picha yake haionyeshi mitaa ya mji wa Kericho, wala Kapsoit, wala Litein, wala Sotik, wala Silibwet, wala Bomet. Wala haionyeshi kambi za wafanya kazi zilizopangwa safu safu katikati ya chai. Humo ndimo wanamokaa wavulana ninaotaka kuwataja. Baba wa mmoja huendesha lori la majani mabichi. Mama wa mwingine huchuma chai tangu asubuhi. Wa tatu huuza mboga sokoni. Kengele ya mwisho ya shule hulia saa kumi. Mzazi hurudi saa kumi na mbili, au giza lishaingia. Katikati ya kengele na mzazi pana saa mbili au tatu zisizo na mwenyewe.

Tena mambo mawili huzidisha uzito wa saa hizo. La kwanza ni mvua. Katika nchi ile iliyoinuka mita 2,000 hivi juu ya bahari, mvua hunyesha alasiri siku nyingi za mwaka, na mara nyingine huja na mawe. Uwanja wa mpira hugeuka kuwa matope, na mvulana hutafuta paa. Paa apatalo karibu ndilo litakaloamua atajifunza nini jioni ile. La pili ni mpango mpya wa shule. Tangu Januari 2023 madarasa ya sekondari ya chini yamewekwa katika viwanja vya shule za msingi, na mwaka 2025 Gredi ya 9 ilianza humo humo. Mvulana wa miaka 14 au 15, ambaye zamani angalikuwa Kidato cha Kwanza, na pengine katika shule ya bweni yenye kengele za usiku, sasa hurudi nyumbani kila jioni. Sisemi kuwa mpango huo ni mbaya. Nasema kuwa umetuletea kundi kubwa la wavulana jioni, katika umri ulio mgumu kuliko wote, nasi hatukuwaandalia hata benchi.

Sasa twende kwa wale wasemao kuwa hapana haja ya kuandaa kitu, kwa kuwa mila imekwisha kuandaa. Hawa ni watu wa heshima, na hoja yao yastahili kusikilizwa kwa adabu kabla ya kupingwa. Wao husema: Wakipsigis wana jando lao, mvulana huingia katika kibanda cha faragha kiitwacho menjo, humo hukutana na mlezi wake, motiriot, ambaye humfundisha heshima, uvumilivu, siri za watu wazima na wajibu wa mwanamume, naye hutoka amekwisha kuwa mtu mzima, mwenye rika lake, yaani ibinda, na jina la rika lililokuwako tangu kale, kama Maina, Chumo au Sawe. Basi, huuliza, mtu aliyepita katika mafunzo hayo ahitaji tena kuketishwa jioni kama mtoto?

Hoja hii ina kweli ndani yake, na kweli hiyo ndiyo inayoiangusha. Zamani mvulana alikaa faraghani miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Mlezi alikuwa na wakati wa kumjua: alijua kama ni mwoga au mjeuri, kama ni mwepesi wa kusema uongo, kama aweza kushika siri. Alipokosea, palikuwa na kesho ya kumrekebisha, na kesho kutwa. Wala menjo haikuwa peke yake. Kabla yake mvulana alikuwa amechunga ng'ombe pamoja na wakubwa wake; baada yake aliingia katika rika ambalo wenzake walimsimamia, na juu ya rika lile palikuwa na rika jingine lililowasimamia wote. Tena palikuwa na kokwet, baraza la majirani, ambapo wazee walikaa wakakata mashauri huku vijana wakisikia namna watu wazima wanavyogombana bila ya kuuana. Menjo ilikuwa jiwe moja katika nyumba. Sisi tumeivunja nyumba, tukalibakiza jiwe, nasi twastaajabu kuwa mvua inatunyea.

Leo jando limebanwa katika likizo ya Novemba na Desemba, kwa sababu shule hufunguliwa Januari na haimngoji mtu. Mafunzo ya miezi mingi yametiwa katika wiki chache. Wengine huingizwa wangali wadogo kwa sababu nafasi ya likizo ni hiyo tu. Hata katika miaka ya karibuni yamesikika malalamiko kuwa, mahali pengine, nafasi ya mlezi mwenye busara imeshikwa na vijana waliotoka humo juzi, ambao hawana la kufundisha ila maguvu, na kuwa wavulana wamepigwa badala ya kufundishwa. Mzee anayejali mila yake angepaswa kuwa wa kwanza kulia juu ya jambo hili. Badala yake husema, "Amekwisha toka menjo, sasa ni mwanamume," akamwacha. Hayo ndiyo matusi makubwa kwa mila, kuliko yote yaliyopata kusemwa na mgeni. Anayeipenda menjo hawezi kuitaka ifanye katika siku 30 kazi ambayo mababu zake waliifanya kwa miaka.

Tena tazama matokeo yake. Mvulana ameambiwa Desemba kuwa yeye ni mwanamume. Januari amerudi darasani, amevaa sare, mfukoni hana kitu. Mwanamume hufanya nini? Hakuna aliyemwonyesha. Baba yupo kazini au yupo kilabuni. Motiriot amerudi kwenye shughuli zake. Basi mvulana hutazama barabarani, akaona wanaume wa aina mbili tatu: yule aliyekaa juu ya pikipiki na kutoa noti mfukoni, yule anayecheza kamari kwa simu na kutamba siku moja aliyoshinda, asizitaje siku 40 alizoshindwa, na yule anayekunywa chang'aa akicheka kwa sauti kubwa. Hao ndio motirenik wa jioni. Hawakosi kuja. Hawana likizo. Mvua ikinyesha wana paa, na chini ya paa lao pana mashine ya kamari inayomeza sarafu za nauli na za karamu ya siku ya kufunga shule. Ikiwa ualimu ni kuwapo kila siku, saa ile ile, mahali pale pale, kwa mtu yule yule, basi lazima tukiri kuwa wafanya biashara ya uovu ni walimu hodari kuliko sisi.

Kuna wapinzani wa namna ya pili. Hawa hawasemi habari za mila. Wao husema habari za mitihani. Husema kuwa dawa ya jioni tupu ni masomo zaidi: mvulana afungiwe darasani mpaka usiku, akariri, apate alama. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kuwasomesha watoto wakati wa likizo, na aliyeitunga alijua kuwa kichwa cha mtoto si gunia la kujazwa mpaka lishonwe. Lakini hata pasingalikuwa na sheria, dawa hii haiponyi maradhi yenyewe. Mvulana anayekwenda kwenye kamari haendi kwa kuwa hajui hesabu. Huenda kwa kuwa pale panamwita kwa jina. Ana njaa ya kutambuliwa na mwanamume mkubwa, na njaa hiyo haishibishwi kwa karatasi ya maswali. Mpe somo la saba jioni naye atakaa kimya mpaka kengele ilie, kisha atakwenda kule kule alikokuwa akienda, ila sasa atakwenda usiku.

Wapinzani wa tatu ni wenye kinyongo. Utawasikia katika mikutano na maredioni wakisema kuwa mtoto wa kiume amesahauliwa kwa sababu ya mtoto wa kike: wasichana wamepewa misaada, wamepewa kambi za mafunzo, wamepewa sheria ya mwaka 2011 ya kukataza ukeketaji, na wavulana hawakupewa kitu. Neno hili lapendeza masikioni mwa watu wengi, kwa hiyo yafaa lipimwe kwa uangalifu. Ni nani waliowafanyia wasichana hayo yote? Walikuwa walimu wa kike, wauguzi, akina mama wa makanisa, wanawake walioacha vyungu vyao jikoni na kwenda kuketi na wasichana likizo baada ya likizo, wakati wazee wa kijiji wakiwacheka. Hapana mwanamke aliyekuja usiku akaiba programu ya wavulana akawapa wasichana. Programu hiyo haikuwapo kuibwa. Anayetaka wavulana wapate walichopata wasichana na afanye walichofanya akina mama: aje, akae, na arudi tena wiki ijayo. Kulalamika ni rahisi kuliko kuketi, ndiyo maana tuna walalamikaji wengi na walezi wachache.

Wa nne husema kwa kifupi: "Mpe mvulana kazi. Akitoka shule achume chai." Kazi ya mikono ni heshima, na mvulana anayemsaidia mama yake katika shamba lao dogo haharibikiwi. Lakini mtu huyu anamwandaa mtoto kwa dunia inayoondoka. Katika mashamba makubwa mashine za kuchuma chai zimechukua nafasi za mikono mingi. Mwezi wa Mei 2023 hasira juu ya jambo hilo ilifika hata mashine zikachomwa moto katika mashamba ya Kericho, watu wakaumia na uhai ukapotea. Moto ule haukurudisha kazi hata moja. Ulituonyesha tu kuwa tuna vijana wengi wenye nguvu na uchungu, ambao hawakuwahi kuketishwa na mtu akawafundisha namna ya kudai haki bila ya kuangamiza, wala kazi ya pili ya kushika ile ya kwanza inapokwenda.

Na hapa pana aibu nyingine. Mvulana wa nchi ya chai huzaliwa ndani ya chai, hula kwa chai, husomeshwa kwa chai, naye aghalabu haijui chai. Anajua kuwa huchumwa majani mawili na kichipukizi. Muulize kwa nini majani hukaushwa kidogo kabla ya kusagwa, kwa nini huachwa yabadilike rangi, moto wa kukausha hutoka wapi, atanyamaza. Muulize kwa nini kilo 4 na zaidi za majani mabichi hutoa kilo 1 tu ya chai kavu. Muulize kwa nini bei ya jani lililochumwa Mogogosiek hukatwa katika mnada wa Mombasa, kwa dola za Marekani, na kwa nini bonasi ya baba yake hupanda mwaka huu na kushuka mwaka ujao. Hapa pana fizikia, kemia, hesabu, jiografia na siasa ya uchumi, umbali wa nusu saa kwa miguu kutoka mlangoni kwake. Fundi wa kiwanda angeweza kuyaeleza yote kwa jioni kumi. Lakini hapana aliyemwomba fundi, wala fundi hakujitoa.

Labda mtu atasema kuwa haya ni maneno mazuri ya vitabuni, yasiyoweza kutendeka kwa watu maskini. Historia ya nchi yetu yamkanusha. Mwaka 1959, mjini Nairobi, Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha kituo cha Starehe kwa ajili ya wavulana waliotupwa mitaani na taabu za miaka ya Hali ya Hatari. Hawakuanza na ghorofa. Walianza na vibanda viwili vya bati. Griffin alikuwa amewahi kuwa askari upande wa serikali ya kikoloni. Gikubu alikuwa amewahi kuwekwa kizuizini na serikali ile ile. Ikiwa watu wawili waliosimama pande mbili za vita waliweza kuketi chini ya bati moja kwa ajili ya wavulana wasiokuwa wao, ni udhuru gani walio nao wanaume wawili wa Litein wanaosali kanisa moja?

Au tutazame Mathare. Mwaka 1987 Bob Munro, raia wa Kanada, alianzisha huko chama cha michezo cha vijana kiitwacho MYSA. Mpira ulikuwako, lakini mpira haukuwa peke yake: timu iliyotoka kufagia taka na kuzibua mitaro ya mtaa wake ilipata pointi katika ligi, pamoja na zile za kufunga mabao. Vijana wenyewe walifundishwa kuwa makocha, waamuzi na viongozi wa wadogo zao. Kutoka humo ilizaliwa timu ya Mathare United, ambayo mwaka 2008 ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya. Wengi hukumbuka kombe. Mimi naona kuwa ajabu kubwa zaidi ni ile mitaro: mvulana wa mtaa wa mabanda alifundishwa, wiki baada ya wiki, kuwa mtaa ni wake.

Wala nchi ya chai yenyewe si tasa. Wilson Kiprugut, aliyeipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki kwa mbio za mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, alikuwa mtu wa Kericho. Uwanja wa Kericho Green ulipambwa kwa sherehe za taifa za Siku ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba 2023. Twajua kujenga jukwaa la siku moja, na twajua kumshangilia aliyekwisha kushinda. Tusilolijua, au tusilolitaka, ni kumngojea yule asiyejulikana kila Jumanne alasiri.

Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa iliyouliza: baada ya shule, nini? Liliwahurumia vijana waliomaliza masomo ya msingi wakakosa pa kwenda, na kutokana na swali lile zilizaliwa shule za ufundi vijijini. Swali lile lilihusu mwisho wa miaka ya shule. Leo yafaa liulizwe juu ya mwisho wa kila siku ya shule. Baada ya kengele ya saa kumi, nini?

Jibu si gumu. Zahitajiwa vitu vinne. Kwanza paa, kwa sababu ya mvua niliyoitaja. Mapaa yapo: madarasa ya shule za msingi, majumba ya makanisa, ofisi za machifu, hata vituo vya kupimia chai, lori likisha kuondoka na majani. Pili mtu, na mtu huyo awe mwanamume aliye na kazi halali na nyumba yenye amani, si lazima awe na shahada. Seremala, muuguzi, fundi wa kiwanda, mwalimu mstaafu, askari mstaafu, wote wanafaa. Tatu saa isiyobadilika, maana mtoto aliyeahidiwa mara tatu na kusahauliwa mara mbili hujifunza kuwa neno la mwanamume ni upepo. Nne kazi ya kufanya: leo hesabu za bonasi, kesho kuunga mbao, siku nyingine mjadala, kitabu cha kusomwa kwa sauti, ziara ya kiwandani, au mfereji wa soko wa kuzibuliwa.

Tena uwekwe ulinzi. Mlezi asikae na mtoto mmoja mahali pa siri. Wawepo wakubwa wawili, mlango uwe wazi, na wazazi na mwalimu mkuu wawajue kwa majina. Kiboko kisiingie kabisa; sheria ile ya mwaka 2013 imekikataza shuleni, na hakuna sababu kiingie kwa mlango wa jioni. Mtu asiyeweza kumwongoza mvulana bila ya kumpiga hajawa mlezi bado.

Sasa tupige hesabu, ili mtu asiseme kuwa ni mzigo usiobebeka. Mlezi mmoja na aangalie wavulana 20. Akutane nao jioni 2 kwa wiki, saa 2 kila jioni: hizo ni saa 4. Kwa wiki 36 za masomo ni saa 144 kwa mwaka. Kwa miaka 6, tangu Gredi ya 7 mpaka mwisho wa sekondari, ni saa 864, ambazo ni sawa na siku 36 kamili, mchana na usiku. Yaani kwa jioni mbili tu za wiki mvulana angepata ulezi unaozidi mwezi mzima wa Desemba usiolala, tena ulioenea katika miaka yote ya hatari. Haba na haba hujaza kibaba. Shule yenye wavulana 200 yahitaji wanaume 10. Je, mji mzima umekosa wanaume 10? Hesabu wale wanaokaa kwenye meza za kilabu jioni moja ya mwezi wa Oktoba, bonasi ya chai ilipwapo, kisha uniambie kuwa nchi haina wanaume wenye nafasi.

Juu ya fedha sitasema mengi, kwa kuwa si fedha inayokosekana kwanza. Mafuta ya taa, mpira, mbao chache, daftari na chai ya maziwa si vitu vya kumfilisi mtu. Wakulima wa kiwanda kimoja wakikubaliana kutenga sehemu ndogo sana ya bonasi, watapata zaidi ya hayo. Kampuni zenye mashamba makubwa nazo, zilizopata utajiri katika ardhi ile tangu miaka ya 1920, zina deni kwa watoto wa ardhi ile ambalo halilipwi kwa kuchora nembo ukutani. Walakini fedha bila ya mtu hununua mipira ikafungiwa kabatini. Mtu bila ya fedha huanza na hadithi chini ya paa la bati.

Nawe kijana usomaye insha hii, usidhani kuwa maneno haya ni ya wazee tu, na kuwa kazi yako ni kungoja ufanyiwe. Ikiwa umo sekondari ya juu, yupo mvulana wa Gredi ya 7 anayekutazama uendavyo, useavyo na uketipo jioni. Kwake wewe ni mwanamume tayari, hata kama nafsini mwako hujioni hivyo. Unaweza kumfundisha sehemu na asilimia, au kumfundisha kuweka dau. Yote mawili hufundishwa kwa njia moja, yaani kwa kukaa karibu. Waendeeni walimu wenu mkaombe darasa moja liachwe wazi. Mwendeeni fundi wa kiwanda mkamwombe jioni moja. Mwendeeni baba, mjomba, jirani, na yule aliyekuwa motiriot wako, mkamwambie kwa heshima: "Mzee, kazi uliyoianza Desemba haijesha." Mzee mwenye utu ataona haya kukataa. Asiye na utu atakataa, nanyi mtakuwa mmemjua.

Mkono mmoja haulei mwana, na mwezi mmoja haumlei. Jioni ya leo kengele italia saa kumi kama kawaida, mvua huenda ikanyesha, na mvulana atatafuta paa. Kibaya kimekwisha kufungua mlango wake. Wanaume wa Kericho na Bomet na waseme wazi, mbele ya wana wao, ni lini watafungua wao.